Kompresa za Kale Ndani ya Kompyuta: Studio za Katanga Zinunue Nini?

Vijana wengi wanaomiksi muziki Lubumbashi, Likasi na Sakania, kule mpakani na Zambia, wanafanya kazi kwa kompyuta moja, kadi ndogo ya sauti, maiki moja au mbili na chumba kilichotundikwa mablanketi. Lakini kwenye skrini zao kumejaa picha za mashine nzito za chuma, zenye vifundo vikubwa na mshale unaocheza. Ni plagini zinazoiga kompresa zilizotengenezwa Marekani na Uingereza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi miaka ya 1970. Kila mara inatoka mpya, kila mtengenezaji anadai yake ndiyo iliyofanana zaidi na asili, na prodyuza mwenye dola 100 za kutumia anabaki njia panda. Mmoja anamwambia kwamba bila plagini ya kompresa ya 1176 wimbo wake utasikika wa kitoto. Mwingine anashikilia kuwa plagini zote ni ulaghai, bila chuma chenyewe hakuna kitu. Wa tatu anamletea flashi iliyojaa plagini zilizovunjwa ufunguo na kumwambia asitoe hata senti.

Rai hizi zote zina chembe ya ukweli, ndiyo maana zinachanganya. Ili kuzipima inabidi kwanza tujue mashine hizo zilifanya nini, programu inaiga nini hasa, na muziki unaorekodiwa huku kwetu unahitaji nini.

Mashine zenyewe

Kompresa hupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na sauti ndogo. Mwimbaji akipaza inambana, akishusha inamwachia. Fundi huweka kizingiti, yaani kiwango ambacho sauti ikikivuka ndipo mashine inaanza kazi, na uwiano, yaani ukali wa kubana. Baada ya hapo yapo mambo mawili ambayo ndiyo yanayoipa kila kompresa tabia yake: kasi ya kushika na kasi ya kuachia.

Fairchild 670 ilisanifiwa na Rein Narma, mhandisi mzaliwa wa Estonia, na ikatoka mwaka 1959. Ina valvu 20, transfoma 14 na uzito wa karibu kilo 30. Studio ya Abbey Road jijini London ilitumia ndugu yake ya mono, Fairchild 660, katika kazi za Beatles. Leo 670 iliyobaki nzima huuzwa makumi ya maelfu ya dola, kwa hiyo hatuna haja ya kukaa nayo sana.

Teletronix LA-2A ni ya miaka ya 1960, kazi ya Jim Lawrence wa Pasadena, California. Siri yake ni kijisanduku kidogo kinachoitwa T4. Ndani yake mna kibao kinachotoa mwanga kadiri sauti inavyokuwa kubwa, na mbele ya kibao hicho kuna kipande chenye kadimiamu ambacho ukinzani wake hushuka kikimulikwa. Mwanga ukizidi, sauti inabanwa. Mashine hii inashika kwa wastani wa milisekunde 10. Inaachia nusu ya mbano kwa milisekunde 60 hivi, halafu nusu iliyobaki inachukua sekunde kadhaa, kutegemea ilibanwa kwa nguvu gani na kwa muda gani. Fundi ana vifundo viwili tu vya kushika, na muda wote unaamuliwa na T4 yenyewe.

Ya tatu ni 1176, kazi ya Bill Putnam, iliyoingia sokoni mwaka 1967. Hii iliacha valvu na kutumia transista, na kwa hiyo ikawa na kasi kubwa mno: inashika kati ya mikrosekunde 20 na 800, na kuachia kati ya milisekunde 50 na 1,100. Uwiano wake ni wa vitufe vinne, 4, 8, 12 na 20. Mafundi waligundua kwamba vitufe vyote vikibonyezwa pamoja mashine inachafua sauti kwa namna inayopendeza kwenye ngoma. Mwaka 1976 kampuni ya dbx, ya David Blackmer, ikaleta dbx 160, ndogo, rahisi na kali kwenye ngoma na besi.

Mashine hizi hazikubuniwa ili ziwe na “rangi”. Wahandisi wake walitaka kuzuia sauti isizidi kipimo cha kanda, cha santuri au cha mtambo wa redio. Uchafu mdogo wa valvu na transfoma ambao walipigania kuuondoa ndio tunaoulipia leo.

Programu inaiga nini

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Bomb Factory ilitoa nakala za LA-2A na 1176 kwa ajili ya programu ya kurekodi ya Pro Tools. Mwaka 1999 wana wa Bill Putnam wakaifufua kampuni yake ya Universal Audio, wakaanza kutengeneza upya mashine za baba yao pamoja na nakala zake za programu. Kwa miaka mingi nakala hizo zilihitaji kadi au kifaa maalumu cha kampuni chenye vichakataji vyake. Ilipofika mwaka 2022 ndipo baadhi yake zikaanza kufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida bila kifaa hicho. Kampuni ya Waves nayo ikauza CLA-2A na CLA-76, zenye herufi za jina la fundi Chris Lord-Alge. Siku hizi watengenezaji ni wengi, na wapo wanaozitoa bure kabisa.

Nyuma ya picha inayofanana kuna kazi za aina tatu zisizofanana hata kidogo. Mtengenezaji wa kwanza huchora mkunjo wa jumla: sauti ikiingia kwa kiwango hiki itoke kwa kile, ishike kwa muda huu na kuachia kwa ule, kisha aongeze uchafu kidogo. Hiyo ni kazi ya haraka. Wa pili huchukua ramani ya saketi na kukokotoa mwenendo wa kila valvu, transfoma na kapasita. Hiyo huchukua miezi na huichosha kompyuta. Wa tatu huipitishia mashine halisi saa nyingi za sauti, akarekodi kinachoingia na kinachotoka, kisha akaufunza mtandao wa kompyuta uige uhusiano huo. Mwaka 2019 watafiti wa mradi wa SignalTrain walitoa hadharani rekodi za LA-2A kwa kazi ya namna hiyo, na tangu hapo tafiti zimeongezeka.

Tofauti ya njia hizi inasikika zaidi kwenye kumbukumbu ya T4. Kipande kile cha kadimiamu kikimulikwa kwa muda mrefu hukawia kurudi. Plagini ya mkunjo tu haijui hilo. Inaachia kwa namna ileile siku zote. Kulijaribu ni rahisi. Weka sauti kubwa ya nusu sekunde ikifuatwa na sauti ndogo, kisha rudia kwa sauti kubwa ya sekunde tano. Tazama mshale unarudi kwa mwendo gani. Ukirudi sawasawa mara zote mbili, unayo picha ya LA-2A, lakini huna tabia yake. Jaribio hili linachukua dakika chache, na nakala ya majaribio ya siku chache inatosha kulifanya kabla hujatoa fedha.

Hoja za wanaotetea plagini

Hoja ya kwanza ni ya bei na haina mpinzani. LA-2A mpya iliyotengenezwa upya inazidi dola 4,000, na 1176 inazidi dola 2,000, bila usafirishaji na ushuru. Plagini inayoziiga mara nyingi hushuka chini ya dola 50 wakati wa punguzo. Zaidi ya hapo, chuma ni kimoja: kikiwa kazini kwenye sauti ya mwimbaji, gitaa linasubiri. Plagini moja inafunguliwa kwenye njia 20 kwa wakati mmoja.

Hoja ya pili ni ya kumbukumbu za kazi. Mteja akirudi baada ya mwezi mmoja akitaka sauti ya mwimbaji ipandishwe kidogo, prodyuza anafungua faili na kila kifundo kiko pale kilipoachwa. Fundi wa chuma alilazimika kuandika kila alama kwenye karatasi, na hata hivyo haikurudi ileile.

Ya tatu inatuhusu sisi moja kwa moja, nayo ni umeme. Katika miji yetu umeme hukatika, na unaporudi huja na nguvu isiyo sawa. Kompyuta ya kukunja ina betri; kompresa ya valvu haina. Valvu zinapenda kuwashwa, zikapata moto taratibu na kuachwa zimetulia. Mashine iliyojengwa kwa ajili ya volti 115 za Marekani inahitaji pia transfoma ya kushusha zile 220 za kwetu. Ikiharibika, vipuri vyake havipatikani dukani.

Mwisho kuna ushahidi wa mafundi wakubwa. Andrew Scheps, mmoja wa mafundi wa miksi wanaoheshimika Marekani, alikuwa na mashine halisi za kujaza ukuta. Aliziacha akahamia kufanya miksi ndani ya kompyuta peke yake, naye amelieleza hilo hadharani mara nyingi.

Hoja za wanaoshikilia chuma

Upande wa pili nao wana mfano wao. Chris Lord-Alge, yuleyule ambaye herufi za jina lake zimeandikwa kwenye plagini za Waves, kwa miaka mingi aliendelea kumiksi kwa meza kubwa ya SSL na kompresa halisi pembeni. Hoja yao iliyo nzito zaidi inahusu mkono: mtu anayegeuza kifundo anasikiliza, anayeburuta panya anatazama. Mwenye kompresa mbili tu anazijua mpaka mwisho. Mwenye 60 kwenye orodha anazunguka kati yake usiku kucha. Hilo ni kweli, ingawa dawa yake ni nidhamu na haihitaji dola 4,000.

Hoja yao ya pili ni kwamba chuma kinatumika wakati wa kurekodi. Mwimbaji anajisikia akiwa amebanwa tayari kwenye vipokea sauti, na anaimba tofauti kwa sababu hiyo. Plagini nzito huleta ucheleweshaji wa milisekunde kadhaa unaomvuruga mwimbaji. Hapa nawapa haki yao.

Ya tatu ndiyo inayosikika sana: “Haifanani na asili.” Asili ipi? 1176 ilipitia matoleo mengi, kuanzia A mpaka H, na saketi ilibadilika njiani. T4 huzeeka, na LA-2A mbili zilizotoka kiwandani mwaka mmoja hazisikiki sawa baada ya nusu karne. Anayeiga huwa ameiga mashine moja, iliyotunzwa na mtu mmoja, katika hali iliyokuwa nayo siku ile. Mtu anaposema plagini haifanani, huenda anailinganisha na dada wa mashine hiyo, si na mashine yenyewe. Kwa mtu wa Lubumbashi ambaye hajawahi kukaa mbele ya hata moja kati ya hizo, kufanana kwake hakuna faida yoyote anayoweza kuisikia. Swali lenye maana kwake ni kama sauti inayotoka inaufaa wimbo.

Makosa yanayoifanya plagini ilaumiwe bure

Lawama nyingi kwa plagini hizi zinatokana na namna zinavyolishwa. Mashine za kale zilipimwa kwa mshale, na sifuri ya mshale ule, kwa desturi ya watengenezaji wengi wa plagini, imewekwa sawa na desibeli 18 chini ya kilele cha dijitali. Sasa mtu anachukua sauti iliyorekodiwa ikigusa kilele, anaipitisha kwenye plagini inayotarajia kiwango cha chini sana, na inatoka imekwaruza na kubanwa kama tambara lililokamuliwa. Anaitupa plagini. Angeshusha sauti kabla ya kuingia, mpaka wastani wake uelee karibu na desibeli 18 chini ya kilele, angesikia mashine nyingine kabisa.

Kosa la pili ni kulinganisha bila kusawazisha. Sikio la binadamu huona sauti kubwa kuwa ndiyo nzuri, hata ikiwa imezidi kwa desibeli moja. Plagini nyingi huongeza sauti pindi zinapofunguliwa, na hapo ndipo muuzaji anapompata mnunuzi. Usikubali kusema “hii imeongeza uhai” kabla hujashusha kinachotoka kikawa sawa na kilichoingia. Ukifanya hivyo, nusu ya miujiza inatoweka, na ile inayobaki ndiyo ya kweli.

Kosa la tatu ni la hesabu na haliko mikononi mwa prodyuza peke yake. Plagini inapochafua sauti inazalisha masafa mapya ya juu. Kompyuta inayorekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde haiwezi kubeba masafa yanayozidi 22,050, na yanayozidi hayapotei, yanakunjwa na kurudi chini. Chukua mlio wa hertzi 9,000, kama wa manyanga. Hamoniki yake ya tatu, yaani mara tatu ya mlio huo, ni 27,000. Hiyo inarudi kama 17,100. Ya tano ni 45,000. Hiyo inarudi kama 900, katikati kabisa ya gitaa na sauti ya mwimbaji, na haina uhusiano wowote na ufunguo wa wimbo. Mashine ya valvu haina tatizo hili. Plagini nzuri hulizuia kwa kuzidisha sampuli mara nne au nane wakati wa kukokotoa, kisha kuchuja. Gharama yake ni kompyuta kuchoka. Kwenye kompyuta dhaifu ni bora kutumia plagini chache zilizowashiwa kinga hii kuliko nyingi zisizo nayo, hasa kwenye vyombo vya juu kama manyanga na matoazi.

Silabi ya mwisho na kidole gumba

Tuje kwenye muziki wenyewe, maana maelekezo mengi yanayosambaa yametungwa kwa ajili ya waimbaji wa Kiingereza na magitaa ya roki.

Neno la Kiswahili hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na huishia kwa irabu. Mwimbaji anapoimba “nyumbani” au “mapenzi”, nguvu iko kwenye “mba” na “pe”, halafu silabi ya mwisho inaanguka. Kwenye biti yenye besi nzito silabi hiyo huzama na msikilizaji anabaki na nusu ya neno. LA-2A ikiibana silabi ya nguvu inakuwa bado haijamaliza kuachia silabi ya mwisho inapofika, kwa hiyo inaizamisha zaidi, ingawa sauti yote kwa jumla inakuwa laini na ya kupendeza. 1176 ikiwekwa kwenye kasi ya juu ya kuachia huwa imeshaachia ndani ya milisekunde 50, na inainua ile “ni” na ile “nzi” pamoja na pumzi inayofuata. Ndiyo sababu mafundi wengi huziunganisha: 1176 kwanza ikamate vilele haraka, kisha LA-2A itulize. Kwa Kiswahili mpangilio huu una maana zaidi kuliko kwa lugha zenye mkazo unaohamahama, na mwenye kufanya miksi ya Kiswahili anapaswa kuangalia kifundo cha kuachia kabla ya kingine chochote.

Gitaa la Katanga nalo lina madai yake. Katika mtindo aliousambaza Mwenda Jean Bosco, kidole gumba kinatembeza besi huku cha shahada kikicheza wimbo juu. Kompresa haijui kuwa hao ni wapigaji wawili ndani ya mkono mmoja. Gumba likipiga besi, mashine inabana gitaa zima na wimbo wa juu unashuka nao, kisha unapanda, kisha unashuka. Tena 1176, hata ikiwekwa kwenye mwendo wake wa polepole kabisa wa kushika, inafika kabla ya milisekunde moja, hivyo inakata ncha ya kucha kwenye uzi. LA-2A inaiacha ncha hiyo ipite. Na hapa plagini zinaishinda asili: nyingi zimeongezewa kichujio kinachoizuia besi isiiamrishe kompresa, kitu ambacho 1176 ya mwaka 1967 haikuwa nacho. Weka kichujio hicho karibu na hertzi 150, bana kidogo tu, na vidole viwili vinabaki vinazungumza.

“Sauti ya zamani” ilitoka wapi?

Wengi wanazinunua plagini hizi wakitamani joto la rekodi walizozikuta nyumbani kwa wazee: Mwenda, Losta Abelo, Edouard Masengo, baadaye Baba Gaston na Les Mangelepa. Tamaa hiyo ni njema. Lakini mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Mwenda wimbo wa “Masanga” huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952. Fairchild 670 ilikuwa bado miaka saba, LA-2A zaidi ya hapo, 1176 miaka 15. Hakuna hata moja kati ya mashine hizi inayoweza kuwa chanzo cha sauti ile. Chanzo chake ni mpigaji aliyejua kuutawala mkono wake, umbali kati yake na maiki, mahali alipoketi, na safari ya sauti kutoka kanda hadi santuri.

Hata bendi kubwa zilizofuata zilirekodi kwa namna ambayo leo ni adimu. Baba Gaston, mtoto wa Katanga, alifika Nairobi mwaka 1975, na waliojitenga naye mwaka uliofuata wakawa Les Mangelepa. Musi-O-Tunya kutoka Zambia nao walirekodi albamu yao “Wings of Africa” Nairobi, mwaka 1975. Bendi za wakati ule zilipiga pamoja katika chumba kimoja, wakisikilizana. Mpiga ngoma alishuka mwimbaji alipoingia. Kompresa ya kwanza ilikuwa ni adabu ya wanamuziki. Biti iliyopangwa kwenye kompyuta haina adabu hiyo. Kila kipigo kina nguvu ileile, na kompresa inayobana kitu kisichopanda wala kushuka inaongeza uchafu tu.

Mfano wa Kinshasa unaongeza jambo. Bendi ya Konono N°1 walitengeneza maiki za likembe kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari, na mkwaruzo uliotoka humo ukawa sahihi yao. Albamu yao “Congotronics” ilipotoka mwaka 2004, mtayarishaji Vincent Kenis alikuwa amewarekodi kwa kompyuta ya kukunja, na hakuusafisha mkwaruzo ule. Dunia ilishangilia rangi iliyotengenezwa kwa mikono ya Kikongo. Haikuhitaji kitufe kutoka Pasadena.

Fedha, kadi ya benki na flashi

Ni haki kusema kwamba anayetumia plagini iliyovunjwa ufunguo mara nyingi hana njia rahisi ya kulipa. Maduka ya programu yanataka kadi ya benki, wakati fedha za prodyuza ziko kwenye simu, M-Pesa au Airtel Money. Kuthibitisha leseni kunataka intaneti, nayo ni gharama. Hata anayelipa hana uhakika wa kesho: Machi 2023 Waves walitangaza kuacha kuuza leseni za kudumu na kubaki na leseni za kukodi kwa muda tu, wakarudi nyuma ndani ya siku chache baada ya wateja kuja juu.

Hata hivyo flashi ile ina gharama kubwa kuliko inavyoonekana. Programu zilizovunjwa hubeba virusi, huanguka katikati ya kazi, na kompyuta hiyo ndiyo yenye nyimbo za wateja. Pia mwanamuziki anayelia kuwa nyimbo zake zinaibwa anajidhoofishia dai lake.

Isitoshe haja ya kuiba haipo tena. Kwa upande wa programu za kurekodi, Logic ina kompresa yenye mifumo kadhaa ya kale ndani yake, ukiwemo wa mwanga na wa transista. Cubase ina kompresa ya valvu na nyingine ya mtindo wa kale. Reaper, ambayo leseni yake ndogo ni dola 60, inakuja na kompresa inayoitwa 1175, iliyofuata nyayo za 1176. Analog Obsession wanatoa bure nakala za LA-2A na 1176, na DC1A ya Klanghelm ni bure pia. Anayeanza hahitaji kununua chochote katika jambo hili.

Uamuzi

Wenye chuma wako sahihi kuhusu mkono na kuhusu kurekodi, lakini mashine wanazozisifu hazifai mazingira yetu ya umeme na vipuri, na bei yake haiwezi kutetewa mbele ya studio inayokosa maiki ya maana. Wanaotetea plagini wako sahihi kuhusu kazi ya kila siku, ila wanauza historia mahali ambapo wangeuza muda wa kushika na kuachia. Kwa studio ya Lubumbashi au ya Sakania uzito unaelemea plagini: moja ya mwanga na moja ya transista, za bure au zilizomo tayari kwenye programu yako, zikilishwa kwa kiwango sahihi, zikilinganishwa kwa sauti iliyosawazishwa. Zile dola 100 ziende kwenye maiki, kwenye magodoro na rafu za kutuliza mwangwi wa chumba, na kwenye betri. Mwenye fedha zaidi atafute kwanza ngoma na gitaa vinavyopigwa na watu, pamoja, chumba kimoja.

Kuna jambo moja zaidi ambalo linawezekana sasa na halikuwezekana miaka 20 iliyopita. Njia ya kuufunza mtandao wa kompyuta haihitaji ramani ya saketi wala kiwanda. Inahitaji mashine inayowaka, saa chache za rekodi za kinachoingia na kinachotoka, na mtu mwenye subira. Katika vituo vya redio vya zamani na kwenye stoo za wakusanyaji, kutoka Lubumbashi hadi Ndola, ambako kampuni za santuri za Teal na Zambia Music Parlour zilikuwa na makao yao, na hadi Nairobi, huenda bado zimelala mashine za kanda, meza za kuchanganyia na vikuza sauti vilivyopitisha muziki wetu. Wahandisi vijana wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanao ujuzi wa kuzipima. Mwenye mashine ya namna hiyo asiiuze kwa kilo kama chuma chakavu. Awaite waje na kompyuta kabla haijazima kabisa.